Harusi ndani ya kiwanda cha matofali Toronto, magodauni yetu ya korosho yamejaa popo. Shida yetu nini hasa?

#1 Mwana Mikindani
Habari za jioni wadau. Binamu yangu wa kike yuko Kanada, kaolewa majuzi, katuma picha za ukumbi kwenye grupu la familia watu wakakaa kimya. Kuta za matofali mekundu yamemong'onyoka kwenye kona, nguzo za chuma zina kutu, paa liko juuu, na kwenye jengo la pili kuna matanuru yamesimama vilevile meusi kwa moshi na machoro ya vijana wa mtaani hayajafutwa. Shangazi akavunja ukimya: "hela ya rangi iliwaishia?"

Kumbe ndio ukumbi wenyewe wa maana. Ni kiwanda cha matofali cha zamani kilichopo bonde la mto Don, kilianza 1889 kikafungwa 1984, matofali yake yamejenga majengo makubwa ya Toronto kama Casa Loma na Massey Hall. Mwaka 2010 kikafunguliwa upya kama kituo cha jamii cha mambo ya mazingira, kinaitwa Evergreen Brick Works. Binamu anasema mchana watoto wa shule wanakuja kujifunza kupanda na kupika, Jumamosi kuna soko la wakulima, usiku wanakodisha kwa harusi na mikutano na hela ya kukodisha inarudi kwenye kazi za mazingira.

Sasa swali langu. Huku Kusini, Mtwara na Lindi, tuna viwanda vya korosho vya miaka ya sabini vimekaa tu. Majengo makubwa, barabara inafika, umeme unapita mlangoni. Kwa nini hata kimoja hakijawa kitu kama hicho? Halafu tunafunga harusi kwenye turubai uwanja wa shule ya msingi mvua ikija bi harusi anakimbilia darasa la nne B.

#2 Njomba Original
Njomba umeanza. Shangazi yako kasema kweli, wapake rangi.

#3 Bandarini
Mkuu jibu ni fupi. Mwenye nacho ni nani? Viwanda vile viliuzwa wakati wa ubinafsishaji, vingine mikononi mwa watu, vingine kesi, vingine ni maghala ya kuhifadhia korosho ghafi. Huwezi kwenda kufanya "kituo cha jamii" kwenye geti la mtu. Toronto serikali ndio yenye kiwanja, hapo ndipo tofauti ilipo, mengine porojo.

#4 Mwana Mikindani
@Bandarini hapo umerahisisha. Hata kule mwanzo kilinunuliwa na mwekezaji akitaka kujenga nyumba za kuishi, mamlaka ya hifadhi ikaingilia ikakichukua kwa kulipa fidia. Kwahiyo nao walikuwa na "geti la mtu", ila wakaamua.

#5 Bandarini
Walikuwa na hela ya kuamulia.

#6 MC Kaskazi
Nimefanya kazi ya kuendesha shughuli miaka kumi na moja kuanzia Masasi mpaka Kilwa, naomba nichangie kama mtu wa fani sio mtu wa picha.

Ukumbi sio kuta. Mtu akinipigia nina maswali yangu matano: vyoo vya wanawake viko vingapi na maji yanatoka? Jenereta inakaa wapi isije ikanguruma kwenye maiki? Wapishi wanapikia wapi maana pilau la watu mia nne halipikwi kwenye jiko la ndani? Bi harusi anabadilishia nguo wapi? Gari na bajaji zinapaki wapi? Godauni la korosho hapo lina alama moja tu, paki. Tena paki nzuri, maana liliwekwa kwa ajili ya malori.

Halafu sauti. Nilishawahi kufanya sendoff kwenye godauni moja, sitaji lipi wala wilaya gani. Mwenye binti alikuwa na mtu wake pale akalipata bure. Tukafagia siku mbili. Tukashusha mapazia meupe na ya dhahabu, taa za kumeremeta, jukwaa, kila kitu. Nashika maiki nasema "mama mzaa chema asimame" ukuta wa pili unanijibu "simame… mame… me". Wazee wakadhani kuna MC mwingine nje. Spika nne hazikusaidia, ukiongeza sauti ndio kelele inazidi. Saa tatu usiku taa zikawavuta wadudu, wadudu wakawavuta popo, wakaanza kupita kati ya keki na meza kuu. Na kubwa kuliko yote sakafu ikaanza kunata. Naapa. Desemba, joto lile unalolijua, watu mia tatu, mtu akiinua kandambili inafanya "chwaa". Mama mkubwa wa bi harusi kavaa dera jeupe, alipokaa chini na wenzake kwenye mkeka kutunza, aliinuka na ramani nyeusi nyuma.

Kwahiyo nikiona picha za Kanada nasema hongera, ila nauliza sakafu mmeifanya nini.

#7 Binti Shangani
😂😂😂 MC nilikuwepo kwenye hiyo sendoff! Ile keki tuliifunika kwa turubai la watu, turubai la kukodi, mwisho wa shughuli likapotea. Mpaka leo.

#8 Mama Ming'oko
Hayo ni mafuta ya ganda la korosho MC. Marehemu mama yangu alibangua kiwandani kuanzia miaka ya sabini mwishoni. Wao mashine zao zilikuwa za Mtaliano, korosho zinapitishwa kwenye mafuta ya moto yanayotokana na maganda yenyewe, halafu zinapasuliwa. Ukumbi wote unatoa moshi unaowasha macho. Mama alikuwa akirudi jioni vidole vyeusi mpaka kwenye makunyanzi, anapaka majivu kwanza ndio anashika mtoto. Sisi tulikuwa tunajua siku amefanya kazi upande gani kwa kumnusa tu. Ngozi ya kiganja ilikuwa inambanduka kama ganda la kitunguu, anaibandua huku anapiga stori.

Yale mafuta yanakaa. Yakimwagika kwenye sakafu miaka kumi hayaendi popote. Mkitaka kupeleka watoto wa shule wakajifunze mazingira humo ndani anzeni na hilo.

#9 Fundi Chokaa
Pole kwa mama. Ila kitaalamu nakataa kidogo. Mafuta ya korosho yakikaa miaka yanaganda yanakuwa magumu kama vanishi, ndio maana yanatumika kwenye rangi na bitana za breki. Kilichonata hapo ni lami. Magodauni ya zamani sakafu yake ilimwagwa kwa vipande vipande na katikati ya vipande wakajaza lami, joto likizidi inalainika. Nimefumua sakafu za namna hiyo najua.

#10 Salfa Kiroba
Mimi nasema soda. Sendoff ya watu mia tatu, makreti yamerundikwa chini, watoto wanamwaga. Sukari na vumbi la godauni unapata gundi. Hakuna sayansi hapo.

#11 MC Kaskazi
Soda gani nyeusi vile inayomchora mtu ramani ya Afrika kwenye dera.

#12 Salfa Kiroba
Kola.

#13 Mwalimu Mstaafu
Salaam wanangu. Nawasoma tu nimeona niingie, maana historia inapindishwa kidogo. Mwana Mikindani unasema viwanda "vimekaa tu" kana kwamba watu walilala. Vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za Kiitaliano na za Kijapani, nchi nzima vilifika kama kumi na viwili hivi na vingi vilikuwa huku kwetu. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Wakapiga hesabu ya viwanda kwa mavuno hayo. Sasa wakati mashine zinafungwa, korosho zenyewe zinashuka. Ilipofika 1986/87 hatukufikisha hata tani 20,000. Kiwanda kinakula nini?

Vingine havikuwahi kufanya kazi ya maana. Kiwanda cha matofali Toronto kilifanya kazi karibu miaka mia moja, mji ukakizoea, babu alifanya kazi pale, mjukuu anafunga harusi pale. Hapa mtu ataenda kukumbuka nini kwenye jengo lililofanya kazi miaka mitano?

#14 Njomba Original
Mwalimu shikamoo. Zilishuka kwa sababu ya nini, ule ugonjwa?

#15 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hapo kila mtu ana lake. Wengine watakuambia ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua. Wengine bei, mkulima analipwa kidogo anaacha kupalilia. Mimi nilikuwa kijana nafundisha Newala, nasema operesheni vijiji. Watu walihamishwa wakaishi barabarani pamoja, mikorosho ikabaki kule msituni maili sita, nani ataenda kila siku? Nyasi zikapanda, moto ukapita.

#16 Salfa Kiroba
Mwalimu kwa heshima zote, ubwiriunga ndio uliomaliza. Muulize yeyote pale Naliendele kwenye utafiti. Salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ilipoingia korosho zikarudi, na watu walikuwa bado wanaishi vijijini palepale barabarani. Kama tatizo lilikuwa kuhamishwa zingerudije?

#17 Mwalimu Mstaafu
Zilirudi kwa sababu bei ilipanda na mtu akaruhusiwa kurudi shambani kwake. Salfa yenyewe inanunuliwa kwa hela mwanangu, haiteremki na mvua.

#18 Bandarini
Tumetoka kwenye ukumbi tumeingia kwenye ubwiriunga. Uzi wa Kusini bila korosho hauendi mbali.

#19 Kaka wa Ng'apa
Wa Lindi nimefika. Kwanza msiseme Mtwara tu, Lindi nako kuna magofu, ya mkonge, ya korosho, ya maduka ya Wahindi pale mjini balcony zinaning'inia. Pili sababu mnaijua mnaizunguka. Kalenda!

Harusi Kusini zinafungwa lini? Korosho zikilipwa. Mnada unaanza Oktoba, hela inaanza kuingia mifukoni Novemba Desemba, ndio ndoa, jando, unyago, pikipiki mpya, bati la nyumba, vyote miezi hiyohiyo. Na godauni linajaa lini? Miezi hiyohiyo! Tangu stakabadhi ghalani ianze 2007, mkulima anaweka korosho ghalani kwanza zikisubiri mnada, kila ghala lenye paa lina thamani kuanzia Oktoba mpaka Januari. Mwenye ghala akodishe kwa harusi ya siku moja au aweke tani mia tano za korosho miezi mitatu? Na ukija mwezi wa nne ghala liko tupu, lakini nani ana hela ya harusi mwezi wa nne?

#20 Mwana Mikindani
Duh. @Kaka wa Ng'apa hiyo sikuifikiria kabisa.

#21 Binti Shangani
Hiyo ni kweli kwa watu wa shamba. Mjini Mtwara kuna wafanyakazi wa bandari, wa gesi, wa saruji, walimu, manesi, hao wanaolewa mwezi wowote. Mimi mwenyewe niliolewa Juni. Ukumbi ulikuwa mdogo wa tailsi nyeupe na dari ya jipsamu yenye taa za bluu, nikatoka jasho make-up ikaishia shingoni. Ningepata jengo lenye paa la juu na upepo wa kusi unapita ningelichukua hata bila rangi.

#22 Njomba Original
Mama mkwe angekubali? Acha utani. Huku mtu akikualika ukumbini halafu ukakuta ni godauni anasema "wamenialika kwenye stoo". Ndio maana yake. Mzungu anaona kutu anaona historia, mimi nikiona kutu nakumbuka baba alivyokosa mshahara.

#23 Mama Ming'oko
@Njomba Original leo umeongea neno la mtu mzima.

#24 Likizo Mombasa
Wakuu mnaenda Kanada kufanya nini wakati mfano uko hapo Mombasa. Nimekaa Bamburi miaka minne. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe tangu miaka ya hamsini kikaacha mashimo meupe kama mwezini, jua linarudi usoni, halioti hata jani. 1971 wakaanza kupanda miti, mtaalamu wao Haller akajaribu aina nyingi nyingi zikafa, mvinje ikakubali. Lakini majani ya mvinje yakianguka yanakaa hayaozi, akaleta majongoo! Majongoo yakala majani yakatoa mbolea, udongo ukaanza kujengeka. Leo ni msitu una twiga, ndio pale alipokuwa yule kiboko Owen na kobe Mzee baada ya tsunami ya 2004. Watu wanaingia kwa tiketi, shule zinakuja, wanapiga picha za harusi.

Hakuna godauni, hakuna ukumbi wa kutu. Wameanza na ardhi kwanza.

#25 Bandarini
Na mwenye kiwanda alikuwa bado anauza saruji, yaani hela ilikuwepo na ardhi yake mwenyewe. Narudi palepale post #3.

#26 Mwana Mikindani
Hapo kwenye ardhi kwanza, hata Toronto ni hivyohivyo. Lile shimo walilokuwa wanachimba udongo wa matofali halikuachwa. Likajazwa na udongo uliotoka kwenye msingi wa ghorofa moja kubwa la mjini, Scotia Plaza, halafu wakatengeneza mabwawa, kijito kinapita, kuna kasa na ndege. Bi harusi anapiga picha kwenye magugu. Na ukuta wa shimo wa upande wa kaskazini wameuacha wazi kwa sababu wanajiolojia wanausoma tabaka kwa tabaka, wameokota mle mifupa ya biva (yule mnyama mtafunaji wa majini) mkubwa kama dubu, wa zamani hizo.

#27 Kaka wa Ng'apa
Mifupa? Aisee mifupa tunaongea na Lindi? Tendaguru umeisahau? 1909 mpaka 1913 Wajerumani wamechimba mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, pale, watu wakabeba mizigo kichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mamia ya tani. Mmoja kasimama Berlin mpaka leo ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa kuchimba alikuwa Boheti bin Amrani, jina liko kwenye kumbukumbu zao. Sisi tuna barabara ya vumbi na kibao.

Mkitaka kituo cha mazingira chenye maana wekeni Lindi, ukumbi uwe wa kutosha mjusi. Harusi zifungwe chini ya shingo.

#28 Njomba Original
Mjusi akae juu ya meza kuu 😂 MC atasema "wazazi wa upande wa mjusi wasimame".

#29 MC Kaskazi
Na mwangwi utajibu "simame".

#30 Fundi Chokaa
Turudi kazini. Nimekagua majengo ya namna hii kwa ajili ya tenda, sasa niwape ukweli wa fundi. Tatizo la kwanza sio sakafu wala sauti. Ni paa. Mengi yameezekwa yale mabati ya saruji ya kijivu, yana asbesto. Yakiwa mazima hayana neno, ukiyakata, ukiyatoboa kufunga taa, ukiyavunja, vumbi lake linaingia mapafuni na ugonjwa unakuja baada ya miaka ishirini thelathini. Kuyashusha kunataka mavazi maalumu, kumwagia maji, kufunga kwenye plastiki, kuzika mahali palipoidhinishwa. Gharama ya kushusha paa tu ni ukumbi mpya kabisa wa tofali za bloku, bati la rangi na vyoo sita. Mfanyabiashara mwenye akili anafanya nini? Anajenga mpya barabarani.

Na mtu asiniletee hadithi za urithi. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Kiwanda cha 1978 hakimo mpaka waziri atangaze. Mwenye nacho akiamka asubuhi anaweza kukikata akauza chuma chakavu. Na wanakata kweli, mashine nyingi ziliondoka hivyohivyo.

#31 Mwalimu Mstaafu
Ila fundi, Boma la Mikindani ni la 1895 nalo si la kabla ya 1863, na limekarabatiwa likawa hoteli, vijana wa Mikindani wakafundishwa kazi pale. Kwahiyo inawezekana.

#32 Fundi Chokaa
Boma ni mawe na chokaa mwalimu. Mawe na chokaa yanarekebishika, ukuta ukipasuka unachanganya chokaa unaziba, unapumua. Nondo za kiwanda karibu na bahari zikishaanza kutu ndani ya zege zinavimba zinapasua nguzo kutokea ndani. Ndio maana nauliza kila mara, jengo liko umbali gani na chumvi? Masasi na Nachingwea una nafasi. Mtwara mjini na Lindi ufukweni pima kwanza.

#33 Bandarini
Kumbuka pia Boma lilikuwa na shirika la Waingereza nyuma yake.

#34 Salfa Kiroba
@Bandarini wewe kila kitu hela, kila kitu mwenye nacho.

#35 Bandarini
Nitajie kimoja ambacho sio.

#36 Mama Ming'oko
Mimi naomba mnisikilize kitu kimoja. Mnabishana ukumbi ukumbi, lakini alichosema Mwana Mikindani mwanzo ni kwamba Jumamosi kuna soko. Hilo ndilo lililonigusa. Mimi nauza ming'oko, vile viazi vya porini. Nachemsha usiku, asubuhi nabeba beseni, nakaa juani stendi, mgambo akija nakimbia, beseni likimwagika siku imeisha. Ukinipa godauni lenye kivuli, hata kama lina popo, Jumamosi moja kwa wiki, mwenzangu wa pweza pembeni, mwenye mabibo makavu, mwenye mkaa wa vifuu, mimi nakulipa ushuru wangu bila kuitwa. Sihitaji mapazia ya dhahabu. Watu wakizoea kuja sokoni ndio wataacha kuliita stoo, na harusi itakuja yenyewe nyuma.

#37 Binti Shangani
Mama 👏👏 hapo sasa.

#38 Kaka wa Ng'apa
Mama sawa lakini kuanzia Oktoba korosho zikiingia utahamishwa. Kalenda.

#39 Mama Ming'oko
Oktoba nahama, mwezi wa pili narudi. Si nimezoea kukimbizwa kila siku? Kukimbizwa mara moja kwa mwaka ni nafuu.

#40 Mwana Mikindani
Nimemuuliza binamu yale maswali ya MC. Majibu: sauti nako ni shida, kuna jengo upande mmoja liko wazi kabisa halina ukuta, sauti inatoka nje, kwenye majengo ya ndani wanaweka wenyewe vitambaa vizito. Baridi ikiingia mabanda ya wazi hayafai harusi, wanatengeneza uwanja wa kuteleza kwenye barafu, kwahiyo nao wana "msimu". Wageni wa mjini wanaweza kuja kwa basi, paki ya gari unalipia. Na kitu ambacho sikukijua, pale ni bondeni, mto ukifurika maji yanaingia mpaka kwenye eneo lenyewe, kwahiyo vitu vya umeme vimewekwa juu. Mvua kubwa ya Julai 2013 mto Don ulifurika mpaka treni ya abiria ikakwama majini jirani na huko.

Nikamuuliza sakafu. Akasema zege tupu, ilikuwa safi, hakuangalia sana alikuwa anaolewa.

#41 Fundi Chokaa
Bondeni! Na bado wameliweka. Basi wale wana roho ngumu kuliko asbesto.

#42 Likizo Mombasa
Si ndio maana ni kituo cha mazingira, maji yakija wanafundishia humohumo.

#43 Njomba Original
Sisi Lindi na Mtwara mafuriko tunayo tayari. Bado ukumbi.

#44 MC Kaskazi
Kwa taarifa ya wote, upande mmoja wazi unamaliza mwangwi NA joto NA pengine hata popo maana hawapendi mwanga na upepo. Yaani badala ya kukarabati ukuta unautoa. Fundi hapo gharama?

#45 Fundi Chokaa
Kutoa ukuta ni rahisi kama sio unaobeba. Nguzo zikiwa za chuma na paa limekaa juu ya nguzo, ukuta ni pazia tu, unautoa kwa wiki. Ila usiguse paa.

#46 Bandarini
Na mwenye ghala akikubali utoe ukuta wa ghala lake, ghala gani tena hilo? Korosho zitalala wapi?

#47 Kaka wa Ng'apa
Asante!! Kalenda na mwenye nacho tumekutana.

#48 Salfa Kiroba
Mimi bado niko kwenye sakafu. Mama Ming'oko anasema mafuta, fundi anasema lami, mimi soda. MC lile dera bado lipo? Lioshwe kwa mafuta ya taa, doa likitoka ni lami.

#49 MC Kaskazi
Lipo. Mama mkubwa analivaa shambani. Nitauliza.

#50 Mama Ming'oko
Kwa mafuta ya taa hata la korosho litatoka baba. Linuse.

#51 Binti Shangani
Wakati mnanusa dera, kuna mtu humu anajua lilipo lile turubai? La bluu, lina viraka viwili kwenye kona. Mwenye nalo ananipigia mimi kila Ijumaa kwa sababu nilisaini daftari.